TAFUTENI MAJINA YA WAZEE WENU



Mwezi wa Novemba ni mwezi ambao Mama Kanisa ameuweka kwa ajili ya marehemu. Katika vigango vyetu wakristu huandika majina ya wafu wao katika karatasi, huziweka mbele ya altare, na padri huwaombea katika Misa. Ni desturi njema. Lakini zisomeni karatasi hizo, nanyi mtaona jambo moja. Jina la baba lipo, la mama lipo, pengine na la babu. Kisha mwandishi anamaliza: na wazee wetu wote. Majina yamekwisha.

Mungu anawajua wazee hao wote, na sala yetu haipotei kwa sababu sisi tumesahau. Hata hivyo nawauliza: Je, majina hayo yamepotea kweli, au hatujayatafuta? Wengi hudhani kwamba watu wa kale wa ziwa letu hawakuandikwa popote, kwa kuwa hawakujua kusoma. Sivyo. Wengi wao waliandikwa, tena kwa wino, siku na mwezi na mwaka, katika vitabu vya misioni. Basi leo tuseme habari ya vitabu hivyo: kwa nini viliandikwa, namna ya kuvitafuta, na moyo ambao mkristu anapaswa kuwa nao anapovifungua.

I. WALIOTAFUTA MAANDIKO WASIYAONE

Katika kitabu cha Ezra, sura ya pili, tunasoma habari za Waisraeli waliorudi kutoka utumwani Babeli, baada ya Koreshi mfalme wa Waajemi kuwafungulia njia. Walihesabiwa ukoo kwa ukoo, mji kwa mji. Lakini katika msafara ule walikuwamo wana wa Delaya, wa Tobia na wa Nekoda, jumla yao watu 652, ambao hawakuweza kuonyesha nyumba za baba zao wala kuthibitisha kwamba ni wa Israeli. Tena jamaa tatu za makuhani zilitafuta maandiko ya nasaba yao, zisiyaone. Hao wakazuiwa kazi ya ukuhani, mpaka atakapopatikana kuhani wa kumwuliza Mungu juu yao.

Tazameni vema habari hii. Watu wale hawakupoteza maandiko kwa uvivu. Vita viliwachukua babu zao, Yerusalemu ukateketezwa kwa moto, na wajukuu wakarudi mikono mitupu. Lakini tazameni na jambo la pili: hawakuachwa Babeli. Walitembea njia ile ile pamoja na ndugu zao, wakalala katika mahema yale yale, wakahesabiwa pamoja nao. Kilichosimamishwa ni huduma ya altare tu, hata jambo lao lijulikane.

Sisi wa Uvira tunaielewa habari hii kuliko watu wengi. Tulipitiwa na maasi ya mwaka 1964. Tulipitiwa na vita vilivyotufikia mwezi wa Oktoba 1996, na vita vilivyofuata tangu 1998. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, maji na matope yakachukua watu, nyumba, na kila kilichokuwa ndani ya nyumba. Kisha ziwa lenyewe likapanda likaingia katika mitaa ya chini. Ni jamaa ngapi zilitoka mbio na watoto mgongoni, karatasi zote zikabaki nyuma? Mwalimu wa shule huliona jambo hili kila mwaka. Siku ya kuandika watoto kwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, mama anataja mwaka mmoja wa kuzaliwa, baba anataja mwingine, na karatasi haipo ya kuamua kati yao.

II. KWA NINI KANISA HUANDIKA

Kanisa lina desturi ya kuandika tangu zamani. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliamuru kila paroko awe na kitabu cha ndoa. Mwaka 1614 kitabu cha ibada cha Roma kilitaja vitabu vitano vya kila parokia: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa, cha hali ya roho, ndicho kitabu cha jamaa zote za parokia, na cha mauti. Na sheria ya Kanisa inayotumika leo, ile ya mwaka 1983, kanuni ya 535, inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na mauti, na kwamba vitabu vya kale vitunzwe kwa uangalifu.

Kwa nini taabu hii yote? Kwa sababu sakramenti haitolewi kwa kundi, hutolewa kwa mtu. Padri hawabatizi watu wa kijiji kwa jumla. Humtaja kila mmoja kwa jina lake. Mtumwa aliyekombolewa na mtoto wa mwami hupita katika kisima kile kile, na katika kitabu kila mmoja hupata mstari wake, mmoja tu, wenye upana ule ule.

Tena ni kwa ajili ya haki. Ubatizo hupewa mara moja tu. Yafaa ijulikane nani amekwisha kubatizwa. Ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja. Yafaa ijulikane nani yu huru. Sheria yakataza watoto wa ndugu wawili kuoana bila ruhusa; yafaa ijulikane nani ni ndugu ya nani. Na kitabu cha mauti si cha huzuni tu. Mfikirieni mwanamke ambaye mumewe alitoweka katika vita, asionekane tena. Miaka inapita, mtu mwema anataka kumwoa. Je, yu huru? Kanuni ya 1707 yasema kwamba kutoonekana peke yake, hata kwa muda mrefu, hakutoshi. Askofu lazima achunguze, asikilize mashahidi, apate uhakika moyoni, ndipo atangaze kwamba mume amekufa. Mstari mmoja katika kitabu cha mauti, ulioandikwa siku ya maziko, ungemwondolea mjane huyo miaka ya machozi.

III. VITABU VYA ZIWA LETU

Mapadri Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie, walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Mwaka ule ule walianza misioni Rumonge, upande wa Burundi, ambako watu watatu wa misioni waliuawa tarehe 4 Mei 1881. Upande wetu wa magharibi walifanya kazi Masanze, karibu na rasi ya Ubwari, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Kibanga. Huko waliwalea watoto wengi waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Mwaka 1893 Kibanga iliachwa, watu wakahamia kusini, mahali palipoitwa Baudouinville, ndipo Kirungu ya leo.

Fikirini juu ya watoto wale wa Kibanga. Walinyakuliwa katika vijiji vya mbali, wengine wadogo mno hata wasijue kutaja jina la mto wa kwao. Nasaba yao ilikatwa kwa panga. Wengi wao ni mababu wa wakristu wa leo. Kwa jamaa kama hizo, kitabu cha ubatizo ni mwanzo wa ukoo. Nyuma ya mstari ule hakuna njia nyingine ya binadamu. Anayejua yaliyotangulia ni Mungu peke yake.

Kardinali Lavigerie aliwaagiza mapadri wake jambo jingine pia: kila misioni iandike habari za kila siku katika daftari. Humo huandikwa mvua, njaa, ugonjwa, ziara za watemi, na mara kwa mara majina ya watu. Maandiko hayo ya kale yanatunzwa Roma, katika nyumba kuu ya shirika lao.

Sasa shikeni miaka hii, maana inaonyesha mlango wa kubisha. Zamani sehemu zetu zilikuwa chini ya Vikarieti ya Kongo ya Juu, yenye makao Baudouinville. Mwaka 1929 ikatengwa Vikarieti ya Kivu, ambayo tangu mwaka 1959 ni Jimbo Kuu la Bukavu. Tarehe 16 Aprili 1962 Baba Mtakatifu Yohane XXIII aliunda Jimbo la Uvira, na askofu wake wa kwanza alikuwa Danilo Catarzi, wa shirika la Wasaveriani, waliofika kwetu mwaka 1958. Kwa nini nayataja haya? Kwa sababu sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyotumika hata mwaka 1983, iliagiza paroko apeleke kwa askofu kila mwisho wa mwaka nakala ya vitabu vyake, isipokuwa kitabu cha hali ya roho. Basi kitabu kikikosekana parokiani, ulizeni kama nakala ilipelekwa. Na kwa miaka iliyo kabla ya 1962 swali hilo lapasa kuelekezwa Bukavu, au kwa miaka ya kale zaidi Kirungu, si Uvira.

IV. NJIA YA KUTAFUTA

Mtu akitaka kujua mto ulikotoka, haanzi mlimani. Anaanza mdomoni, penye ziwa, anapanda polepole akifuata maji. Fanyeni vivyo hivyo.

Kwanza, anzeni nyumbani. Kabla ya kwenda parokiani, waendeeni wazee wangali hai. Waulizeni majina ya wazazi wao, ya wasimamizi wao wa ubatizo, ya kigango walikofundishwa dini. Msiwaulize mwaka, kwa maana wengi hawataujua. Waulizeni: Mlizaliwa kabla ya uhuru au baada yake? Wakati ule ziwa lilipopanda, miaka ya sitini, mlikuwa mnatembea? Wakati wa maasi ya 1964 mlikuwa na watoto wangapi? Mzee ambaye hajui tarehe anajua mambo yaliyotukia, na mambo hayo yana tarehe. Andikeni jibu lake kama alivyolisema, na jina lake, na siku aliyosema.

Pili, tafuteni karatasi zilizomo nyumbani: kadi ya ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya uchaguzi, karatasi za shule na za hospitali, msalaba wa kaburini wenye jina. Karatasi moja yenye namba ya ubatizo yaweza kufupisha kazi ya siku nyingi.

Tatu, nendeni kwa paroko au mwandishi wake kwa adabu, mkiwa mmejitayarisha. Mwambieni jina, majina ya wazazi, kigango, na mwaka kwa kukisia. Kanuni ya 487 yampa kila mtu haki ya kupata nakala ya maandiko yanayohusu hali yake mwenyewe, ikiwa maandiko hayo si ya siri. Haikumpa mtu haki ya kupekua habari za jirani. Katika vitabu hivyo yamo mambo ya watu walio hai, na paroko akikataa kuwafungulia ukurasa fulani anatimiza wajibu wake.

Nne, someni pembeni mwa ukurasa. Katika kitabu cha ubatizo huandikwa jina la mbatizwa, wazazi, msimamizi, padri, mahali na siku. Lakini pembeni huongezwa baadaye kipaimara na ndoa, na kama mtu alipata daraja takatifu au kuweka nadhiri za daima, nalo huandikwa. Kitabu cha ndoa nacho husaidia kurudi nyuma, maana bwana na bibi arusi hutakiwa kuonyesha walikobatizwa. Kwa njia hii kitabu cha Baraka kinakutuma Fizi, cha Fizi kinakutuma Kirungu, na wewe unazidi kupanda mto.

Tano, msikwame katika maandishi. Vitabu vya kale viliandikwa kwa Kilatini. Joannes ndiye Yoane, Josephus ni Yosefu, Ludovicus ni Ludoviko, Catharina ni Katarina. Majina ya kikwetu yaliandikwa na wageni kama masikio yao yalivyosikia: Mfaransa aliandika Ouvira kwa Uvira, na Oudjiji kwa Ujiji. Kwa hiyo msilisome jina kwa macho tu; litamkeni kwa sauti, na mara nyingi sikio litalitambua jina ambalo jicho lililipita.

Sita, msichanganye siku ya ubatizo na siku ya kuzaliwa. Wazee wetu wengi walibatizwa wakiwa watu wazima, baada ya mafundisho ya miaka minne, kama Kardinali Lavigerie alivyoagiza. Umri wao padri aliukisia kwa kuwatazama. Ukiona umri wa namna hiyo, andika kwamba ni wa kukisia.

Saba, kumbukeni mwaka 1972. Mwaka ule serikali ya Mobutu iliwakataza raia wa Zaire kutumia majina ya kikristu, na kizuizi hicho kililegea tu mnamo mwaka 1990. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa katika miaka hiyo yaweza kuwa ana jina moja katika kitabu cha serikali na jina jingine katika kitabu cha misioni. Msiseme upesi kwamba ni watu wawili. Tazameni jina la baba na la mama, tazameni kigango, ndipo mwamue.

Mwisho, msisahau milango mingine. Ndugu zetu Waprotestanti wana daftari zao, na kwa jamaa za Waislamu wazee wa msikiti ni wa kuulizwa. Ndugu zetu waliokimbilia Nyarugusu katika Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, walizaa, walioana na kuzika huko. Habari zao zatafutwa huko. Tena ziwa halikuwa ukuta kwa wazee wetu. Wengi walivuka kwenda Rumonge, Bujumbura au Kigoma, na mstari mnaoutafuta pengine uko ng'ambo.

V. KITABU KIKIPOTEA

Labda utaniambia: Mwalimu, nimekwenda, na kitabu kimeungua. Nifanye nini?

Usikate tamaa. Kanuni ya 876 yasema kwamba, kama hakuna mwingine anayeathirika, ushuhuda wa mtu mmoja wa kuaminika watosha kuthibitisha ubatizo. Tena mtu aliyebatizwa akiwa mzima aweza kuapa mwenyewe. Mpelekeni msimamizi mzee kwa paroko leo, msingoje mvua ijayo. Msimamizi akifa, kitabu cha pili nacho kimeungua.

Na kwa mambo ya serikali, Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inawapa wazazi siku 90 tangu kuzaliwa kwa mtoto ili kumwandikisha. Siku hizo zikipita, yapasa kwenda mahakamani kupata hukumu inayoshika nafasi ya maandiko yaliyokosekana. Nanyi wazazi mjue: cheti cha ubatizo chaweza kusaidia kutoa ushahidi, lakini si cheti cha kuzaliwa cha serikali. Mtoto ahitaji vyote viwili.

VI. MSISEME UONGO JUU YA WAFU

Sasa nafika penye maneno mazito.

Kuna wanaotafuta karatasi si ili wajue ukweli, ila ili wapate shamba, au kiti, au safari. Wakikosa jina linalowafaa, hulibuni. Humwongezea babu miaka, humpa baba asiye wake, humwandika mpwa kuwa mtoto wa kuzaa. Ndugu, huo ni ushahidi wa uongo, nao umekatazwa katika amri ya nane. Tena ni uongo wa namna mbaya, kwa kuwa yule anayesingiziwa yumo kaburini, hawezi kusema: huyu simjui. Afadhali nafasi tupu katika ukoo wako kuliko jina la kubuni. Nafasi tupu mjukuu aweza kuijaza siku moja. Jina la uongo atalirithi, ataliapia, na pengine atalipigania.

Tena kuna wale ambao hufungua kitabu na kuona jambo la aibu: bibi aliyezaa kabla ya ndoa, babu aliyekombolewa utumwani. Msifunge kitabu kwa hasira. Someni nasaba ya Bwana wetu katika sura ya kwanza ya Injili ya Mtakatifu Mateo. Mwinjili angeweza kuchagua majina ya wafalme tu. Lakini alimwandika Tamari, alimwandika Rahabu, na mke wa Uria hakumficha. Mwana wa Mungu hakuona haya kuzaliwa katika ukoo wenye madoa. Je, sisi tutaona haya?

VII. NASABA SI MKUKI

Katika orodha ile ile yumo Ruthu. Huyo alikuwa Mmoabu, mgeni, mjane maskini aliyeokota masazo katika shamba la watu. Naye ndiye bibi mkuu wa Daudi. Kama watu wa Betlehemu wangemfukuza kwa kuwa baba zake hawakuzikwa hapo, Daudi angetoka wapi?

Nayasema haya kwa sababu katika nchi yetu swali la wazee limekuwa swali la kutisha. Kati ya ziwa na milima, katika bonde la Ruzizi na juu katika nyanda za malisho, watu huulizana: Babu yako alizikwa wapi? Nao huuliza si ili waombee kaburi, ila ili wajue nani afukuzwe. Damu nyingi imemwagika kwa swali hilo. Mwisho wa mwaka 1998 na siku za kwanza za 1999 wanakijiji wengi waliuawa Makobola. Tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150 kutoka kwetu, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa Gatumba, ng'ambo ya mpaka. Mara nyingi kila upande huwaandika wafu wake tu, na huwasoma wafu wake tu.

Mkristu hawezi kufanya hivyo. Kitabu cha mauti cha parokia hakina ukurasa wa kabila hili na ukurasa wa kabila lile. Wafu hufuatana kama walivyokufa, leo huyu, kesho yule, na sala ni moja. Yeyote anayetafuta nasaba yake ili aseme: mimi ni wa hapa, wewe ondoka, amekichukua kitabu cha Kanisa akakinoa kama mkuki. Heri kisingefunguliwa. Bali yeye anayetafuta ili awaombee wazee wake, ili awaonyeshe watoto wake walikotoka, ili amjue ndugu aliyempotea ng'ambo ya ziwa, huyo anafanya tendo la huruma. Tena mara nyingi, akitafuta kwa kweli, atakuta bibi wa kabila jingine katika mstari wa tatu au wa nne, naye atajifunza kunyamaza watu wanapotukana kabila lile.

Jimbo letu limepewa mfano ulio wazi. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa Baraka bruda Vittorio Faccin na padri Luigi Carrara, na Fizi padri Giovanni Didonè na padri Albert Joubert. Watatu walikuwa Waitalia wa shirika la Wasaveriani. Wa nne, Albert Joubert, alikuwa padri mzalendo, mtu wa ziwa hili, wa ukoo wa Kapteni Joubert Mfaransa na mkewe Agnes Atakaye. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kanisa liliwatangaza wanne hao kuwa wenyeheri, kwa siku moja na kwa maneno yale yale. Damu yao ilitoka katika koo mbalimbali. Majina yao yamesomwa pamoja.

VIII. MAAZIMIO

Basi, ndugu wapenzi, mwezi huu shikeni maazimio matatu.

La kwanza: kila jamaa inunue daftari moja, la bei ndogo, iandike humo waliozaliwa, walioana na waliokufa, siku na mahali, na jina la aliyeleta habari. Mwandikeni hata mtoto aliyekufa siku ya kuzaliwa. Naye ana roho na jina. Kisha nakala ya pili iwekwe kwa ndugu anayekaa mbali na mto. Moto na maji havifiki mahali pawili siku moja.

La pili: kila mmoja amtafute mzee mmoja aliyesahauliwa, mmoja tu, apate jina lake kamili, na alilete katika Misa ya marehemu. Roho ya toharani iliyokosa mtu wa kuitaja kwa muda wa miaka 60 itasikia jina lake likitamkwa altareni na kilembwe chake.

La tatu: tunapozika, tusiondoke makaburini kabla ya kuhakikisha kwamba jina limefika kwa paroko. Wengi hukumbuka chakula cha matanga na kusahau kitabu.

Na wale ambao hamtaona kitu, hata mkitafuta kwa bidii, msihuzunike kupita kiasi. Wana wa Delaya hawakuona maandiko yao, wala hawakuachwa njiani. Vitabu vyetu ni vya karatasi. Mchwa huvila, mvua huviloweza, askari huviwashia moto wa chai. Kiko kitabu kimoja ambacho Mtakatifu Yohane alionyeshwa katika Ufunuo, kitabu cha uzima, na mwandishi wake hasahau jina wala hakosei tahajia. Siku kitakapofunguliwa tutawajua wazee wetu wote, wa Kibanga na wa Rumonge, wa milimani na wa pwani. Hapo kale walitungoja bila kutujua. Siku ile watatuuliza kama tuliwaombea.

Ee Bwana, uwape raha ya milele, na sisi utupe moyo wa kweli. Amina.